Mkia wa Mjusi Ndani ya Sindano



Kuhusu dawa zinazotokana na wanyama husemwa mambo mawili, na leo nakusudia kuyapinga yote mawili. La kwanza ni kwamba kilichotoka kwa kiumbe hai ni cha asili, na cha asili hakina madhara. La pili, ambalo husemwa zaidi na wasomi, ni kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani, enzi ambazo insulini ilichujwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe wa machinjioni. Leo maabara zinatengeneza homoni ya binadamu yenyewe, basi mjusi au chura ana nini cha kumfundisha daktari? Hoja yangu ni kwamba homoni za viumbe walio mbali nasi hufanya kazi miilini mwetu kwa sababu zinafanana na zetu, lakini huwa dawa kwa sababu zinatofautiana nazo. Tofauti yenyewe mara nyingi ni ndogo kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Anayetafuta dawa katika uasili haioni, na anayetosheka na homoni ya binadamu haioni pia.

Homoni nyingi ni peptidi, yaani minyororo ya asidi amino zilizotungwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Mpangilio wa shanga hizo ndio unaoamua ni kipokezi kipi kwenye chembe za mwili kitakachoitambua homoni. Mipangilio mingi ya namna hii ni ya kale sana, na wanyama wenye uti wa mgongo wanaishiriki kuliko mtu anavyodhani. Katika miaka ya 1930 ilithibitishwa kwamba chura wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus laevis, akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja. Kwa miaka mingi hospitali za ng'ambo zilifuga vyura hao kwa ajili ya kupima mimba tu. Kabla ya hapo, mwaka 1922, John Macleod wa Toronto aliwatumia samaki kumaliza ubishi kuhusu chimbuko la insulini. Katika aina fulani za samaki, chembe zinazotengeneza insulini hazikuchanganyika na chembe za kusaga chakula bali zimejikusanya katika kivimbe cha peke yake, na maji yaliyochujwa kutoka kivimbe hicho ndiyo yaliyoshusha sukari.

Samaki wa jinsi hiyo ndiye aliyeifungulia sayansi njia ya kuifikia homoni inayotajwa leo kila mahali. Katika maabara ya Joel Habener mjini Boston, watafiti walitaka kuisoma jeni ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari ya damu. Kanuni za Marekani za miaka ya 1970 zilibana sana uhandisi wa jeni za wanyama wenye damu moto, kwa hiyo wakaenda kwa samaki wa Atlantiki mwenye domo pana, anayewinda kwa kutikisa kinyuzi kilichoota kichwani mwake. Mwaka 1982 walitangaza kwamba ndani ya jeni hiyo, pamoja na glukagoni, mlikuwa na peptidi nyingine iliyofanana nayo. Haukupita muda, mwenzake akaonekana kwa mamalia na kwa binadamu, akaitwa GLP-1. Svetlana Mojsov alibaini ni kipande kipi hasa chenye nguvu, na kufikia 1987 kundi lake la Boston, na kundi la Jens Juul Holst nchini Denmark, walikuwa wameonyesha kwamba kipande hicho huichochea kongosho kutoa insulini.

Sifa ya GLP-1 ni ya kutamanika. Huihimiza kongosho pale tu sukari inapokuwa juu. Sukari ikishuka, nayo hutulia. Hatari ya mgonjwa kuzimia kwa kuishiwa sukari, ambayo kila anayejidunga insulini anaijua, inapungua sana. Ila ilikuwa na kasoro moja iliyoizuia kabisa kuwa dawa. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4 huzikata shanga mbili za mwanzo, na nusu ya homoni iliyoingia kwenye damu huwa imeharibika ndani ya dakika mbili hivi. Kwa mwili wenyewe hilo si kosa: ujumbe wa utumbo kwa kongosho baada ya mlo haupaswi kuzunguka kutwa nzima. Kwa mgonjwa lingekuwa na maana ya kuning'inizwa dripu usiku na mchana. Hapa ndipo usemi kwamba tunayo homoni ya binadamu na inatosha unapokwama. Homoni yetu imeumbwa kwa ajili ya mwili wenye afya, unaoweza kutengeneza nyingine kila dakika. Haikuumbwa kwa ajili ya sindano.

Dawa ilipatikana kwa mjusi. Mjusi wa Gila, Heloderma suspectum, anaishi katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ana urefu wa nusu mita hivi, mkia mnene unaohifadhi mafuta, na tezi za sumu katika taya la chini. Jean-Pierre Raufman na wenzake walikuwa wameona kwamba sumu ya jamii hiyo ya mijusi huziamsha chembe za kongosho. John Eng, daktari katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, alipolisoma hilo hakwenda jangwani kukamata mjusi. Alitumia sumu kavu ya kununua. Alichokuwa nacho ni mbinu ya kutafuta peptidi zinazoanza na asidi amino iitwayo histidini, kwa kuwa homoni kadhaa za ukoo wa glukagoni huanza hivyo. Mbinu hiyo ilimpa mwaka 1992 mnyororo wa asidi amino 39, akauita eksendini-4. Karibu nusu ya mpangilio wake ni uleule wa GLP-1. Na mahali pa pili kutoka mwanzo, pale pale ambapo DPP-4 hushika ili kukata, binadamu ana alanini. Mjusi ana glisini. Kimeng'enya hakipati pa kushika. Badala ya dakika mbili, nusu ya eksendini hubaki kwenye damu kwa zaidi ya saa mbili, na kipokezi cha binadamu huitambua kana kwamba ni ya nyumbani. Taasisi iliyomwajiri Eng haikutaka kuombea uvumbuzi huo hataza, basi akaiomba mwenyewe kwa gharama yake, na mwaka 1996 kampuni ya Amylin ikakodi haki zake. Aprili 2005 dawa hiyo, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani: sindano mbili kwa siku, asubuhi na jioni kabla ya kula.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaoijua sayansi hii vizuri. Watasema kwamba mjusi alikuwa kituo tu cha njiani. Liraglutidi ya mwaka 2010 na semaglutidi ya 2017, zilizoipita eksenatidi kwa mbali sokoni, zimejengwa juu ya mnyororo wa binadamu, zikashonewa asidi ya mafuta ili zishikamane na protini za damu na kukaa muda mrefu. Hata bila mjusi, wanakemia wangefika. Pengine wangefika, siwezi kulikanusha jambo ambalo halikutokea. Lakini tazama walichofanya. Katika semaglutidi, alanini iliyo mahali pale pale pa udhaifu imeondolewa na kuwekwa asidi amino isiyo ya kawaida ambayo DPP-4 haiwezi kuikata. Sidai kwamba walimwiga mjusi. Nasema tatizo lilikuwa na mlango huo mmoja, na mjusi alikuwa ameshaupita. La muhimu zaidi, mwaka 2005 eksenatidi ndiyo iliyothibitisha kwa wagonjwa wenyewe kwamba kipokezi cha GLP-1 kinaweza kuchochewa kwa muda mrefu, sukari ikashuka na uzito ukapungua pia. Uthibitisho huo si kitu kidogo kwa kampuni inayoamua iwapo itazamisha fedha nyingi katika jambo ambalo kila kitabu kilisema haliwezekani.

Halafu ipo tirzepatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa kisukari na mwaka uliofuata kwa unene uliokithiri. Matangazo huieleza kama kazi ya wahandisi wa maabara, na ni kweli. Ila usome mnyororo wake mpaka mwisho: glisini, prolini, serini, serini, glisini, alanini, prolini, prolini, prolini, serini. Huo ni mwisho wa eksendini-4, kiungo kwa kiungo, bila badiliko hata moja. GLP-1 ya binadamu haina mkia huo. Watu wanaojidunga dawa hii kila wiki kutoka Houston hadi Dubai wanajidunga, kwa maana ya kikemia kabisa, mkia wa mjusi, na wengi wao wangeruka wakimkuta mjusi kafiri ukutani.

Wa kwanza, yule wa asili isiyodhuru, asifurahi upesi. Sumu ya mjusi wa Gila ni sumu kweli: ina vitu vinavyoleta maumivu makali, uvimbe na kushuka kwa shinikizo la damu. Eksendini ni kitu kimoja kilichotengwa na hivyo vingine vyote, kikapimwa, kikapewa kipimo cha mikrogramu. Hata baada ya kusafishwa hivyo bado huwapa wagonjwa wengi kichefuchefu na kutapika, na kila anayeitumia huonywa kuhusu uvimbe wa kongosho. Iliwahi pia kutumainiwa kwamba itauzuia ugonjwa wa Parkinson usiendelee. Jaribio dogo la 2017 lilitia moyo, lakini jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2025 halikuonyesha faida yoyote. Kutoka kwa mnyama hakukuipa baraka ya ziada. Iliponya pale tu tofauti yake ilipolingana na kasoro inayojulikana ya homoni yetu.

Mtu anaweza kuuliza kama najenga nyumba nzima juu ya mjusi mmoja. Hapana, na ushahidi mkubwa zaidi kwa wingi wake unatoka kwa vyura. Mwitaliano Vittorio Erspamer, mmoja wa watu wa kwanza kuigundua serotonini, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ngozi za mamia ya aina za vyura kutoka pande zote za dunia. Kwenye ngozi ya chura wa kijani wa Australia alikuta seruleini: katika asidi amino zake nane za mwisho, saba ni zilezile za kolesistokinini, homoni inayoubana mfuko wetu wa nyongo. Ilitumika hospitalini katika uchunguzi wa nyongo, na leo hutumika zaidi katika maabara kusababisha uvimbe wa kongosho kwa panya ili ugonjwa huo uchunguzwe. Kutoka kwa chura mdogo wa Ulaya, Bombina bombina, ikapatikana bombesini. Ndugu yake wa mamalia alipatikana miaka michache baadaye katika tumbo la nguruwe. Kwa kuwa chembe nyingi za saratani ya tezi dume zimejaa vipokezi vya ukoo huo, peptidi zilizochongwa kwa mfano wa bombesini hufungwa madini yenye mnururisho na kujaribiwa katika kuipiga picha saratani ilikojificha. Na Kassina senegalensis, chura mwenye mistari anayesikika usiku wa masika katika mbuga zetu za Afrika Mashariki, alimpa Erspamer na wenzake kasinini mwaka 1977. Peptidi mbili ziitwazo neurokinini, zilizopatikana katika uti wa mgongo wa nguruwe mwaka 1983, zinaishia na viungo vitano vilevile vya kasinini. Erspamer alilitaja jambo hili kama pembetatu: kinachoonekana kwenye ngozi ya chura, kitafute kwenye utumbo na ubongo wa mamalia. Mara nyingi kilipatikana.

Vyura hao, hata hivyo, wametoa dawa chache kuliko maarifa, na hilo linaunga mkono hoja yangu badala ya kuibomoa. Seruleini inafanana na yetu mno. Haikuwa na jambo kubwa la kuongeza. Dermofini, ya chura wa Amerika Kusini, ndiyo iliyokuja na jambo jipya: katika mnyororo wake mna asidi amino iliyogeuzwa, kama mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, umbo ambalo vimeng'enya vya kawaida hushindwa kulivunja. Inatuliza maumivu kwa nguvu kuliko mofini. Bahati mbaya waliochangamka kuitumia walikuwa wakufunzi wa farasi wa mashindano. Mwaka 2012 farasi kadhaa wa mbio huko Marekani walikutwa nayo mwilini.

Mfano unaonisumbua zaidi ni samaki samoni, na nisingekuwa mkweli kuuruka. Kalsitonini ni homoni inayozuia mifupa kumomonyoka. Iligunduliwa na Harold Copp wa Vancouver mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ile ya samoni ina urefu uleule wa asidi amino 32, lakini kwa uzito uleule ina nguvu mara 40 hadi 50 kuliko ya binadamu. Kwa miaka mingi ilikuwa sindano, kisha dawa ya kupuliza puani, ikiandikiwa hasa wanawake wazee wenye mifupa dhaifu. Je, hii si tofauti inayofaa? Ilionekana hivyo. Lakini jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2000 lilionyesha mivunjiko ya uti wa mgongo ikipungua kwa kipimo kimoja tu kati ya vitatu vilivyojaribiwa, na mwaka 2012 Shirika la Dawa la Ulaya, baada ya kuona saratani zikijitokeza zaidi kidogo kwa walioitumia muda mrefu, lilitaka dawa ya puani iondolewe na sindano ibaki kwa matumizi ya muda mfupi. Somo ni chungu lakini linanoa hoja. Ugonjwa wa mifupa dhaifu haukutokana na kalsitonini yetu kukosa nguvu, kwa hiyo nguvu ya ziada ya samaki ilikuwa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Tofauti peke yake haitoshi. Lazima iwe ni mahali penye kasoro.

Ndiyo maana naliangalia kwa matumaini zaidi kombe la koni, Conus geographus, konokono wa bahari anayeishi kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, hadi Pasifiki. Wachuuzi wa makombe wanalijua gamba lake, na wapiga mbizi wanaonywa wasimshike akiwa hai kwa sababu amewahi kuua watu. Mwaka 2015 Helena Safavi-Hemami, Baldomero Olivera na wenzao walionyesha kwamba konokono huyu ana insulini katika sumu yake, iliyo karibu zaidi na insulini ya samaki kuliko ya konokono. Samaki walio karibu huishiwa sukari, hulegea, na konokono hutandaza domo lake kama wavu na kuwameza. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51 na hupenda kujikusanya sita sita. Sindano ikishadungwa, mafungu hayo lazima kwanza yaachane, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri kabla ya kula. Ya konokono ina 43 tu. Kipande kinacholeta kukusanyika hakimo, kwa kuwa mwindaji hana muda wa kusubiri. Mwaka 2020 watafiti walitengeneza insulini ya binadamu iliyofupishwa kwa mfano huo, ambayo katika majaribio ya wanyama ilishusha sukari bila kujikusanya. Na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba konokono huyohuyo ana peptidi ya pili, inayoiga homoni iitwayo somatostatini na kuzuia glukagoni isiipandishe tena sukari ya samaki. Hugusa hasa kipokezi kimoja kati ya vitano vya somatostatini, na ina asidi amino isiyo ya kawaida inayoizuia isivunjwe upesi. Hizi si dawa bado. Lakini kasoro zinazolengwa zinajulikana kwa jina, na hapo zinatofautiana na kalsitonini.

Wako watakaouliza kuhusu uhalali wa kujidunga kitu cha mjusi au cha konokono, swali ambalo Waislamu waliwahi kuliuliza, kwa haki, juu ya insulini ya nguruwe. Hukumu ni ya wanazuoni. La kwangu ni kueleza kilichomo. Eksenatidi hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na hakuna mjusi anayekamuliwa wala kuchinjwa. Kilichochukuliwa kwake ni mpangilio. Hii pia ndiyo sababu ya kumkatalia yeyote atakayeanza kuuza mafuta ya kenge au unga wa kombe kwa wagonjwa wa kisukari: peptidi hizi zikimezwa tu husagwa tumboni kama nyama yoyote, na mnyama mzima ana mengi zaidi ya mpangilio unaotafutwa.

Lakini jibu hilo linaibua pingamizi la mwisho, ambalo ni la haki na siasa zaidi kuliko tiba. Ikiwa kinachochukuliwa ni mpangilio tu, nchi yenye kiumbe inabaki na nini? Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na ambayo Kenya ni mwanachama wake, inataka anayechukua mali ya viumbe agawane faida na nchi aliyoitoa. Iliandikwa ikimfikiria mtu anayebeba chupa ya sumu uwanja wa ndege; mpangilio wa asidi amino husafiri kwa intaneti. Wengine hujibu kwamba koni huyu anaishi kutoka Mombasa hadi Ufilipino, kwa hiyo si wa mtu. Jibu hilo ni jepesi mno: kutokuwa na mwenyewe mmoja hakumpi aliyewahi haki ya kuchukua yote. Mkutano wa kimataifa wa bayoanuwai uliofanyika Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulikubali kuwe na mfuko maalumu kwa ajili ya taarifa hizo za jeni, ukazinduliwa Februari 2025, na angalau nusu ya fedha zake imekusudiwa kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Kampuni zinazonufaika zinaombwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Neno lililotumika ni kuombwa. Mchango ukiwa wa hiari namna hiyo, nchi za pwani zitapata zaidi zikianza kuzisoma sumu za makombe yao zenyewe, katika vituo kama Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, kuliko kusubiri hundi.